Sindano na Uzi katika Nyumba Yenye Watoto Wengi



Mwezi huu nataka tuzungumze habari za kazi moja ndogo ambayo katika nyumba nyingi imefungiwa sandukuni, nayo ni kazi ya sindano. Sisemi habari za fundi aketiye barazani na cherehani yake, ambaye kushona ndiko kunakompa chakula. Nasema habari za mama wa nyumba, aliyejifunza kushona na kudarizi alipokuwa msichana, akaipenda kazi ile kwa moyo wote. Kisha akaolewa, akapata mtoto wa kwanza, na wa pili, na wa tatu, na huenda na wa sita. Leo shuka alilolianza zamani lingali nusu: maua ya upande mmoja yamekamilika, na upande wa pili mna alama za penseli tu. Ukimwuliza, atakujibu, "Mwalimu, nitalimaliza watoto wakikua."

Jibu hilo lina sura ya busara, nami siwalaumu walisemao, maana nyumba yenye watoto sita si mahali pa utulivu. Mmoja analia, mmoja anataka uji, wawili wanagombania kiti, na yule mdogo kabisa amekwisha kuuburuta uzi hata uani, na kuku wanaukanyaga. Walakini nasema kwamba kungoja watoto wakue si shauri jema, na sababu zake ni tatu.

Ya kwanza ni habari ya macho. Ndani ya jicho la mwanadamu mna kitu kidogo kiangavu mfano wa kioo, ambacho ujanani hujikunja na kunyoka upesi, ili mtu aone vya mbali na vya karibu. Miaka ikipita, kitu hicho hukakamaa. Kwa watu walio wengi, yapata miaka 40 na zaidi, herufi ndogo huanza kufifia, na tundu la sindano huwa kama limeziba. Basi fanya hesabu. Mama aliyezaa kitinda mimba akiwa na miaka 36, naye akangoja mtoto huyo afikilie miaka kumi, atafungua sanduku lake akiwa na miaka 46. Atakuwa na nafasi, lakini macho aliyoyatumia alipokuwa msichana hayatakuwapo tena. Miwani ya kusomea humsaidia mtu sana, wala si aibu kuivaa. Hata hivyo ni heri kuzoeza mikono tangu sasa, ili macho yakipungua mikono iwe imekwisha kuijua njia.

Ya pili, siku ya utulivu haiji. Kitinda mimba akienda shule, kifungua mimba huleta mjukuu. Mtoto akiacha kulia usiku, huanza kuuliza maswali mchana. Nyumba yenye watu huwa na sauti ya watu, na anayengoja kimya angojea kitu ambacho kikija hatakifurahia.

Ya tatu ni watoto wenyewe. Mtoto amwonaye mama yake ameshika sindano kila juma hujifunza mambo mengi pasipo kufundishwa. Hujua kwamba nguo hutengenezwa kwa mikono ya watu. Hujua kwamba iliyopasuka hushonwa, haitupwi. Tena hujua kwamba mama yake ni mtu mwenye kazi aipendayo, si mtumishi wa jiko tu. Mambo hayo akiyakosa akiwa mdogo, hatayapata kwa maneno akiwa mkubwa.

Basi tufanyeje? Mwalimu wa jambo hili tunaye karibu, wala si mgeni. Tazama mama wa pwani asukaye ukili. Huchukua ukindu uliokwisha kuanikwa, akauchana na kuutia rangi, kisha husuka utepe mwembamba mrefu, naye huukunja mviringo kadiri unavyozidi urefu. Husuka akizungumza na jirani, husuka akiangalia chungu, husuka watoto wakicheza miguuni pake. Mtoto akianguka, huuweka ukili chini, humwinua mtoto, humfuta machozi, kisha hurudi na kuendelea pale pale alipoachia. Ukili haukuharibika kwa kuachwa. Ukili ukiwa mwingi wa kutosha, ndipo atakapotafuta nafasi ya kukaa na kuushona kwa shazia, utepe kwa utepe, hata ukawa mkeka. Mama huyo hakupata hata siku moja iliyo tupu, na mkeka umekwisha.

Tazama pia kofia za kushona kwa mkono, zile za Unguja na Lamu. Kofia ina sehemu mbili, duara ya juu na ukanda wa kuzunguka kichwa, nayo hujazwa vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi kimoja kimoja. Kofia njema haimalizwi kwa siku moja wala kwa juma moja. Yaweza kuchukua miezi. Lakini ni kazi itoshayo kiganjani. Mshonaji huichukua aendako, akatia vitundu vitano hapa na kumi pale. Wanaume nao huzishona, wala hapana awacheke.

Hapo ndipo ilipo siri yote. Kazi ya sindano katika nyumba ya watoto haidai siku nzima. Yadai kukatwa katika vipande vidogo, hata kila kipande kiweze kuingia katika nafasi iliyopo. Mama wengi hushindwa kwa sababu hufikiri gauni ni kazi moja. Gauni si kazi moja, ni kazi kama tisa: kupima, kukata, kupiga bandi, kuunga mabega, kuunga ubavu, kutia mikono, kumaliza shingo, kukunga pindo, na kutia vifungo. Asemaye "leo nitashona gauni" atalala na huzuni. Asemaye "leo nitaunga mabega" atalala amemaliza.

Nichukue mfano wa kanga, maana kila nyumba inazo. Kanga huuzwa kwa doti, yaani vipande viwili vilivyofuatana katika kitambaa kimoja. Ukiisha kununua, wakata katikati, kisha wakunga ncha. Kila kipande kina urefu wa mita moja na nusu hivi, na upana wa mita moja au zaidi kidogo. Kingo za upande mrefu zimefungwa tangu kiwandani, hazichanuki. Kwa hiyo zinazotaka sindano ni ncha fupi tu, mbili kwa kila kipande, jumla nne. Mkono uliozoea humaliza ncha moja kwa nusu saa au zaidi kidogo. Ukishona ncha moja kila jioni, ukianza Jumatatu, Alhamisi umemaliza doti nzima, wala hapana mtoto aliyelala na njaa. Haba na haba hujaza kibaba.

Na katika kugawa kazi hivi, shikeni kanuni moja iliyo kubwa kuliko zote: usiondoke katika kazi kabla hujaandaa mahali pa kuanzia tena. Ukiwa umebakiwa na dakika tano, usishone, andaa. Tia bandi upande unaofuata, kata uzi wa kesho, funga pamoja vipande vya mkono wa kushoto na vya mkono wa kulia, na andika katika kikaratasi, "Sasa shingo." Mama anayerudi na kukuta kikaratasi hicho huanza kushona mara moja. Asiyekuwa nacho hutumia nafasi yake yote kujiuliza alipokuwa, na alipokwisha kukumbuka, mtoto ameamka.

Ipo sehemu moja tu isiyokubali kukatizwa, nayo ni kukata kitambaa. Mshono ukipotoka wafumuliwa, lakini mkasi ukipotoka hapana dawa. Basi kazi ya kukata iwekeeni saa yake, watoto wakiwa shuleni au wamelala, na sakafu imefagiwa. Tena siku hiyo kateni nguo mbili au tatu pamoja. Kila nguo ifungwe katika bahasha yake ya kitambaa pamoja na uzi wake na vifungo vyake. Kwa asubuhi moja ya kukata mtapata kazi ya mwezi mzima.

Sasa nina neno juu ya cherehani. Ni kweli kwamba cherehani imewapunguzia wanadamu taabu kubwa. Mwaka 1846 Mmarekani mmoja, Elias Howe, alipewa hati ya serikali kwa cherehani ya nyuzi mbili, na mwaka 1851 Isaac Singer naye akapata hati kwa ya kwake. Siku zile watengenezaji wa cherehani walipima kazi zao, wakaona kwamba shati la mwanamume lililotaka zaidi ya saa 14 za sindano ya mkono lilimalizwa kwa cherehani kwa muda wa saa moja na robo hivi. Faida hiyo ni kubwa. Walakini cherehani hukaa mahali pamoja, na mama akiiendea huwapa watoto mgongo. Sindano ya mkono huenda alipo mama, hata chini ya mwembe watoto wanapocheza.

Kwa hiyo mwenye cherehani asiitupe sindano ya mkono. Mishono mirefu aiwekee cherehani, nayo aifanye kwa mfululizo katika saa ya utulivu. Mapindo, vifungo, matundu ya vifungo na nakshi aviwekee mkono, avifanye akiwaangalia watoto. Hata rangi za kitambaa zina saa zake. Nguo nyeusi au ya buluu nzito ishoneni mchana, kwa maana uzi mweusi juu ya kitambaa cheusi huumiza macho usiku. Nyeupe na za rangi nyepesi ziwekeni zamu ya jioni, na taa, iwe ya umeme au ya jua, ikae upande wa kushoto kwa yule atumiaye mkono wa kulia, ili kivuli cha mkono kisiangukie mshono.

Nimesema habari za nafasi. Sasa niseme habari za hatari, maana katika nyumba ya watoto sindano iliyopotea si jambo la mchezo.

Kwanza, kila mshonaji na awe na chombo kimoja chenye kifuniko kigumu. Katika nyumba nyingi chombo hicho ni lile kopo la bati la biskuti, na watoto wote wa dunia wamekwisha kulifungua kwa tumaini kubwa wakakuta nyuzi. Kopo hilo likae juu, mahali ambapo mtoto hafiki hata akipanda kiti. Pili, hesabuni. Mkitoa pini kumi na mbili, zirudi kumi na mbili, wala mtu asiinuke kabla hesabu haijatimia. Sumaku kuukuu iliyotolewa katika spika ya redio iliyokufa ni msaidizi mwema: ipitishe mkekani, nayo itaokota kile ambacho jicho limekikosa. Tatu, sindano isiachwe imechomekwa katika kitambaa, wala katika kanga uliyovaa, wala katika mto wa kiti. Iwe na mto wake mdogo ndani ya kopo.

Vifungo navyo ni hatari kwa mtoto mchanga, kwani kila kitu hukitia kinywani, na kifungo chaweza kumziba pumzi. Nyuzi ndefu zisiachwe kitandani pake. Uzi ukijizungusha katika kidole kidogo waweza kuzuia damu, na mama asijue sababu ya kilio. Ikiwa mtoto amemeza sindano au pini, msimtapishe wala msimlishe ugali kwa nia ya kuisukuma, bali mpelekeni hospitali upesi, hata kama anacheza na kuonekana mzima.

Cherehani ya mguu ina gurudumu na mkanda, na vidole vya watoto hupenda vitu vizungukavyo. Ukiisha kushona, uvue mkanda katika gurudumu. Hapo mtoto akikanyaga chini, juu hapatazunguka kitu. Ya umeme ing'olewe waya wake ukutani, hata kama unakwenda kugeuza chungu tu. Na wale watumiao pasi ya mkaa kwa kulaza mishono, waiwashe nje, wala wasiilete yenye makaa katika chumba kilichofungwa ambamo watoto wamelala. Hewa itokayo katika mkaa uwakao haina harufu wala rangi, nayo huua.

Hata hivyo sitaki mtu aseme, "Ikiwa ndivyo, watoto wafukuzwe kabisa." La, sivyo. Mtoto anayefukuzwa katika kazi hurudi kwa siri, na kwa siri ndiko ajali ziliko. Mtoto aliyepewa sehemu yake huilinda kazi kama mali yake. Samaki mkunje angali mbichi.

Mtoto wa miaka minne au mitano mpe kipande cha boksi kilichotobolewa matundu makubwa, na kamba ya kiatu. Na apitishe kamba juu na chini. Hiyo ni bandi, ijapokuwa hajui. Wa miaka sita au saba apewe sindano nene butu, na uzi wa sufu, na kitambaa kigumu chenye nyuzi wazi, kama gunia safi. Wa miaka minane aweza kutia kifungo, mama akiwa karibu. Wa miaka kumi aweza kukunga pindo la kitambaa cha mkono, na likipotoka msilifumue mbele yake. Liacheni likauke sahani vivyo hivyo. Na huyu mkubwa mwenye macho makali amtilie bibi yake uzi katika sindano, sindano nne au tano kwa mara moja, ili bibi naye ashone pasipo kuita mtu.

Wala msiniambie kwamba hii ni kazi ya wasichana. Tazameni katika miji yetu, ni nani wakaao mabarazani na cherehani? Wengi wao ni wanaume, na hapana anayeona ajabu. Mvulana aliyejifunza kutia kifungo na kubandika kiraka hataenda shule ya bweni na shati wazi, wala hatamngoja dada yake kwa kila tundu la soksi. Nanyi walimu wenzangu, mnaowafundisha watoto kazi za mikono, kitambaa cha sentimita 20 kwa 20 chatosha kumfundisha mtoto mishono mitano, na vipande hivyo fundi wa mtaani hutupa kila siku.

Sasa nije kwenye jambo lililo zito zaidi. Nyumba yenye watoto hutoa nguo zilizochanika pasipo kikomo. Kaptura zapasuka nyuma, sketi za shule zakosa vifungo, shati la juzi leo halifiki kiunoni. Mama akikaa kushona, mambo haya humjia yote pamoja, na ua lake la shuka husukumwa nyuma, leo na kesho na mtondo. Mwisho sindano, iliyokuwa furaha yake, huwa mzigo mwingine kama kuni na maji. Hapo ndipo wengi huichukia kazi waliyoipenda.

Shauri langu ni kuwa na vikapu viwili. Kikapu cha kwanza ni cha matengenezo ya nyumba, nacho kina siku yake moja katika juma, mathalan Jumamosi alasiri, ambapo wote wenye umri wa kushika sindano hukaa pamoja na kila mmoja hutengeneza cha kwake. Kinachopasuka Jumatatu chaingia kikapuni na kungoja, isipokuwa sare ya shule ya mtoto mwenye sare moja tu. Kikapu cha pili ni cha kazi ya moyo wa mama. Ndani yake mna shuka, au kitambaa cha meza, au kofia, au gauni la sherehe, na haitiwi humo kaptura hata moja. Jioni za siku nyingine ni zake.

Tena kazi ya kikapu cha kwanza hupunguzwa kwa kushona kwa akili tangu mwanzo. Sare ya mtoto iachiwe pindo pana, vidole vinne na zaidi, ili mwaka ujao lishushwe. Kaptura itiwe kiraka cha ndani matakoni ikiwa ingali mpya. Vifungo vishonwe kwa uzi uliokunjwa mara mbili. Dakika kumi za mwezi wa kwanza huokoa saa nzima ya mwezi wa sita.

Wako watakaouliza, "Kikapu hicho cha pili chaleta shilingi ngapi?" Hilo ni swali la haki kwa mwenye biashara, lakini si swali la kumwuliza kila mshonaji. Ikiwa mama ataka kuuza, na auze, apange bei kabla ya kukata kitambaa, na ahesabu saa zake pamoja na uzi. Ikiwa hataki, asilazimishwe. Jirani ajaye na kitambaa akisema, "Nishonee tu, wewe si unajua?" ajibiwe kwa upole kwamba njiani yuko fundi. Nimeona kazi nyingi za kupendeza zikiuawa na madeni ya majirani. Furaha ya mikono ni faida nayo, ijapokuwa haihesabiki sokoni. Mama aliyetulia nusu saa na uzi wake huwarudia watoto akiwa na uvumilivu ambao hakuwa nao kabla.

Baba, neno hili ni lako. Nusu saa hiyo haitoki hewani. Yatoka mkononi mwako. Mchukue mtoto mdogo, mpeleke barazani, mwonyeshe kuku na baiskeli zipitazo. Ukitaka maji, mtungi unaujua ulipo. Usimwite mkeo kuuliza sabuni iko wapi wakati ambapo anahesabu nyuzi za ua, kwani akipoteza hesabu hufumua yote. Mara tatu kwa juma, nusu saa kila mara, ni saa moja na nusu tu, ambayo sisi wanaume huipoteza kwa mazungumzo ya mpira pasipo kuona uchungu. Nawe utapata faida: mtoto atazoea mikono yako, na shuka lililolala sandukuni miaka minane litatandikwa kitandani pako.

Katika Kitabu cha kwanza cha Samweli mna habari za mama mmoja mshonaji, naye ni Hana. Mwanawe Samweli aliishi hekaluni, mbali na nyumbani, na mama yake alimfanyia kanzu ndogo na kumpelekea kila mwaka. Wengi wetu twaijua habari hiyo, lakini twasahau iliyo karibu nayo: kwamba baada ya Samweli, Hana alizaa tena wana watatu na mabinti wawili. Basi kanzu zile za miaka ya baadaye zilishonwa katika nyumba yenye watoto wadogo, wenye kulia na kuburuta nyuzi kama wetu. Tena kila mwaka ilimpasa kukisia urefu wa mtoto ambaye hakumwona kwa miezi mingi. Haikuandikwa kwamba alishona kanzu kumi. Alishona moja, naye akaimaliza kabla ya safari.

Basi, mama mpenzi, jioni ya leo wakiisha kula, lishushe lile sanduku. Usijaribu kushona. Likung'ute shuka, litazame, tafuta uzi wa rangi ile ile, ona ni ua lipi linalofuata, na uchore tena alama zake ikiwa zimefutika. Kisha andika kikaratasi, "Sasa jani la kwanza," ukichomeke kwa pini moja, na uihesabu pini hiyo. Kesho, baba akiwa barazani na mtoto, utalianza jani hilo.

Wasalaam. Ni mimi mwalimu wenu.